Tusiuze mzizi ambao hatujajua jina lake wala harufu yake



Kila tunapozunguka kwenye vikundi, kuko swali moja ambalo halikosi: "Kuko wanunuzi wanaotafuta ile mizizi ya dawa yenye kunukia. Tuchimbe, tuuze?" Jibu letu ni fupi: bado. Hatusemi msiuze kamwe. Tunasema koperative isiuze mzizi wa porini kabla ya kuwa na vitu vitatu mkononi: jina la kweli la mmea, ujuzi wa kile kinachotoa harufu ndani ya mzizi, na miche ya mmea huo kwenye pepinyeri yake yenyewe. Asiye na hivyo vitatu anauza kwa kilo kitu ambacho mwenzake anakinunua kwa ujuzi. Biashara ya namna hiyo tunajua inavyoisha: mmoja anaondoka na mfuko, mwingine anabaki na shimo.

Tuchukue mfano mmoja, mzizi ambao wengi wenu mmekwisha kuutafuna.

MMEA WENYEWE

Wataalamu wanauita Mondia whitei. Kwenye masoko ya Kinshasa ni kimbiolongo. Uganda ni mulondo, na Kenya, upande wa Kakamega, ni mukombero. Kwetu huku mashariki kila lugha iko na jina lake. Wakati mwingine jina moja linabeba mimea miwili tofauti. Hilo mlishike, tutalirudilia.

Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, hasa kandokando ya msitu. Majani yake ni makubwa, yanakaa mawili mawili yakiangaliana, na umbo lake ni kama la moyo. Ukikata shina, maziwa meupe yanatoka. Maua ni mekundu ya kuelekea zambarau. Matunda yanakaa mawili mawili kama pembe. Yakikauka yanapasuka, na mbegu zenye manyoya meupe zinapeperuka na upepo.

Lakini watu wanautafuta juu ya mzizi. Ukiutafuna, mwanzo ni uchungu kidogo, kisha utamu unakuja, na harufu inayofanana na ya vanila inajaa mdomo. Wamama wanautumia kurudisha hamu ya chakula. Wababa wanautafuta juu ya sababu ambayo haina haja ya kuandikwa hapa, kila mtu anaijua. Na kwa kuwa kinachouzwa ni mzizi, kila mauzo ni kuchimba. Jani ukilichuma linaota tena. Mzizi ukiung'oa wote, mmea umekwisha, na mbegu za mwaka kesho zimekwisha pamoja nao.

Huko Kakamega hilo limeonekana. Mmea ulichimbwa mno mpaka ukawa adimu msituni, ndipo wakulima wakaanza kuupanda mashambani mwao. Na sisi wa Kivu hatuhitaji kwenda mbali kwa kutafuta somo. Watu wa Beni na Lubero wanaijua ngote, ule mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana, ambao ganda lake linaendea dawa za wanaume wenye ugonjwa wa prostati huko Ulaya. Mti unaochunwa ganda pande zote unakauka ukiwa umesimama. Tangu 1995 ngote iko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, maana yake hauvuki mpaka bila kibali. Mti ulikuwa wetu, lakini kanuni zikaja wakati dunia ilikuwa imekwisha kuogopa kwamba utaisha. Mizizi yenye kunukia isifuate njia hiyo hiyo.

HARUFU INATOKA WAPI

Sasa tuingie ndani ya mzizi. Tunaomba mtuvumilie kidogo, maana hapa njo penye nguvu ya mkulima mbele ya mnunuzi.

Harufu haiko hewa tupu. Ni vitu vidogo sana, vyenye uzito, vinavyotoka kwenye mzizi na kuruka mpaka puani. Wanakemia wamefungua mzizi wa Mondia whitei wakakuta kitu kinachotoa ile harufu ya vanila kiko na jina refu: 2-hidroksi-4-metoksibenzaldehidi. Utafiti wa watu wa Kenya uliotolewa mwaka wa 2001 ulikieleza kama kitu kinachobadilisha ladha mdomoni. Hamna haja ya kukariri jina hilo. Lakini katibu wa koperative aliandike kwenye daftari, juu ya sababu mtakayoiona.

Vanilini, ile ya vanila wanayolima wenzetu wa Beni, ni ndugu yake kabisa. Chukueni mfano wa ngata, ile duara ya kitambaa wamama wanayoweka kichwani kwa kubeba mzigo. Mfikirie ngata yenye pembe sita, na kila pembe ni chembe ya kaboni. Kwenye ngata hiyo mfunge vitu vitatu: kimoja kinaitwa aldehidi, kingine hidroksi, cha tatu metoksi. Vanilini iko na hivyo vitatu. Kitu cha mzizi wetu nacho kiko na hivyo hivyo vitatu. Tofauti ni moja tu: vimefungwa mahali tofauti kwenye ngata. Ngata ya namna hiyo ndiyo wanakemia wanaiita "aromatiki", hata pale ambapo kitu chenyewe hakinukii.

Tofauti hiyo ndogo iko na matokeo makubwa shambani. Kwenye kitu cha mzizi wetu, hidroksi imekaa jirani kabisa na aldehidi, na hivyo viwili vinashikana mkono. Kwa kuwa vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe, havishiki maji sana wala havishikani sana na wenzao. Kwa hiyo kitu hicho kinapanda na mvuke kwa urahisi na kinapotea upesi kuliko vanilini. Njo maana mzizi uliokatwa vipande vidogo na kuanikwa kwenye bati kali la jua unakauka vizuri kwa macho, lakini pua inakuta hamna kitu. Mnunuzi anayejua hilo atashusha bei, na atakuwa na haki. Mkulima anayejua hilo atakausha kivulini, penye hewa, na atafunga mzizi wake mbali na sabuni, petroli na samaki wakavu.

Kemia ya namna hiyo si ya wanafunzi wa shule kubwa peke yao. Mtu wa kwanza inayemhusu ni yule anayeshika jembe na anayechagua mahali pa kuanika.

WANAKIJUAJE HUKO LABO?

Wengi wanafikiri labo iko na mashine ambayo unaweka mzizi na inasema jina. Haiko hivyo. Kazi inakwenda kwa hatua, na hatua ya kwanza iko mikononi mwenu.

Hatua ya kwanza ni jina la mmea. Mchukue tawi lenye majani, na ikiwezekana ua na tunda, mlilaze kati ya magazeti, mlibane na mbao na mawe mpaka likauke likiwa bapa. Kando mwandike karatasi: mahali lilipotoka, tarehe, jina katika lugha ya kwenu, aina ya udongo, na nani amelichuma. Tawi hilo linakwenda kulinganishwa na matawi yaliyohifadhiwa. Tuko na herbarium kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, na ile ya Yangambi, ambayo njo kubwa kuliko zote nchini. Mzizi peke yake, hasa uliokatwa na kukauka, unafanana na mizizi mingine mingi. Bila tawi, labo inaweza kupima vizuri sana kitu ambacho hakuna anayejua ni nini.

Hatua ya pili ni kutoa harufu ndani ya mzizi. Namna moja ya kawaida ni mvuke. Wale wanaojua jinsi kanyanga inavyopikwa wamekwisha kuelewa: chungu kinachemka, mvuke unapita kwenye mrija, mrija unapozwa na maji, matone yanaanguka kwenye chupa. Hatuisifu pombe hapa, tunasifu akili ya mrija. Mvuke ukipita katikati ya mizizi iliyopondwa unabeba vitu vya harufu, na vikipozwa vinakusanyika na maji chini.

Hatua ya tatu ni kutenganisha. Ile harufu moja tunayonusa ni kundi la vitu vingi. Labo inaviingiza kwenye mrija mwembamba sana, ambao tundu lake ni dogo kuliko milimeta moja lakini urefu wake mara nyingi ni meta 30, umezungushwa ndani ya joko. Gazi inavisukuma. Vingine vinakimbia, vingine vinashikwashikwa njiani, na mwisho vinatoka kimoja kimoja, kila kimoja kwa dakika yake. Kazi hiyo inaitwa kromatografi ya gazi.

Hatua ya nne ni kutambua. Kinapotoka, kila kitu kinavunjwa vipande na vipande vinapimwa uzito. Mashine inalinganisha vipande hivyo na orodha ya vitu vinavyojulikana. Hapa kuko mtego. Vanilini na kitu cha mzizi wetu viko na uzito mmoja kabisa, 152 kwa vipimo vya wanakemia, kwa sababu vimejengwa na chembe zile zile. Kilo ya maharagi na kilo ya mahindi zinalingana kwenye mizani, lakini hakuna mama atakayekubali kubadilishiwa moja kwa nyingine bila kufungua mfuko. Kwa hiyo labo ya kweli haisimami kwenye uzito peke yake. Inaangalia dakika ya kutoka, inaangalia namna ya kuvunjika, na inapitisha kitu safi kinachojulikana kwa kulinganisha. Mtu akiwaletea karatasi inayosema "mzizi wenu una vanilini", mwulizeni: mmelinganisha na nini? Swali hilo moja litamwonyesha kwamba hazungumzi na watu wa kudanganywa.

KUJUA MOLEKULE SI MWISHO WA SAFARI

Kuko wanaotuambia: "Tukishajua kitu cha harufu, tutakuwa matajiri." Hapana. Tuangalie vanila.

Vanilini ilitolewa safi na Mfaransa Gobley mwaka wa 1858. Mwaka wa 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, wakajua jinsi ilivyojengwa na wakaitengeneza bila vanila, wakianzia na kitu kilichotoka kwenye miti ya misonobari. Leo karibu vanilini yote inayotumika duniani inatoka viwandani, haitoki kwenye matunda ya vanila. Kama bei ingekuwa ya molekule peke yake, wakulima wa vanila wangekuwa wamekwisha kuacha zamani.

Hawakuacha. Juu ya nini? Kwa sababu tunda la vanila lililotunzwa vizuri liko na vitu vingi pamoja na vanilini, na pua ya mpishi inajua tofauti. Tena mnunuzi analipia jina, asili, ukavu, na namna lilivyokaushwa. Molekule inaweza kuigwa. Mzizi mzima, wenye jina la kweli, uliotoka kwenye shamba linalojulikana, uliokaushwa kivulini na koperative inayoandika tarehe, hauigwi kirahisi.

Kwa hiyo, faida ya kujua kitu cha harufu ni kwamba tutaweza kupima ubora wetu wenyewe. Mizizi ya shamba gani inanukia zaidi? Ya umri gani? Iliyokaushwa siku ngapi? Bila kipimo, kila mtu anasema wa kwake ni mzuri, na mnunuzi ndiye anayeamua. Kipimo kikiwa kwetu, bei inazungumzwa na watu wawili.

HARUFU NZURI SI CHETI CHA USALAMA

Tulisema jina moja linaweza kubeba mimea miwili. Hapa njo mahali pa hatari.

Kwenye savana za Katanga na Tanganyika kuko mti mdogo wenye maua mazuri ya zambarau, Securidaca longipedunculata. Mizizi yake nayo inanukia sana. Ukikwangua ganda la mzizi utanusa harufu ile ile ya pomade ya kuchua misuli, na si bahati: kitu kikubwa kwenye harufu yake ni salisilati ya metili, ile ile inayowekwa kwenye pomade hizo. Waganga wanautumia kwa uangalifu mkubwa, na wako na sababu, kwa sababu mzizi huo uko na sumu kali. Kuutafuna kama tunavyotafuna mondia ni kuchezea maisha.

Mfikirie sasa mfuko wa "mizizi yenye kunukia" uliokusanywa na vijana kumi kutoka vilima vitano, bila tawi hata moja kulinganishwa. Mzizi mmoja mbaya ukiingia humo na mtu akaumia mjini, hakuna atakayeuliza ni kijana gani aliuchimba. Watasema: mizizi ya koperative fulani inaua. Soko lililojengwa miaka mitano linaanguka juma moja. Pua inatusaidia kuanza kuchagua, lakini haiwezi kutupa cheti.

"LAKINI WATOTO WANAFUKUZWA SHULENI LEO"

Tunawasikia. Mzazi anayedaiwa minerval hawezi kulisha mtoto na herbarium. Mnunuzi akiwa na pesa mkononi siku ya soko, maneno yetu ya miche na matawi yaliyobanwa yanaonekana ni ya watu walioshiba. Hoja hiyo ni nzito na hatuitupi.

Lakini tuhesabu pamoja. Mmea uliong'olewa unaleta pesa mara moja. Mmea uliochimbwa kwa upande, ukachukuliwa mizizi ya pembeni na kuachiwa ile kubwa ya katikati, ukafukiwa tena na udongo, unaweza kurudiwa. Na mmea ulio shambani mwako hauchimbwi na jirani usiku kama ule wa porini, ambao ni wa yeyote aliyetangulia. Kinachofanya watu wachimbe kwa haraka si njaa peke yake, ni hofu kwamba mwingine atachimba kabla yao. Hofu hiyo dawa yake ni koperative, maana yake watu wanaokubaliana.

Wengine wanasema: "Labo ni mbali, na ni ghali." Kweli. Ndiyo sababu hatusemi kila kikundi kiende peke yake. Koperative tano zinazozungukana zinaweza kuchanga na kutuma mfuko mmoja mdogo, na matawi yake, mara moja kwa mwaka. Kuko pia njia nyepesi kabla ya ile ya mrija wa meta 30: sahani ndogo iliyopakwa silika, ambayo matone ya mzizi yanapanda juu yake na kuacha madoa. Haitoi jina la mwisho, lakini ukiweka tone la mzizi unaojulikana kando ya tone la mzizi usiojulikana, inaonyesha kama vinafanana au hapana. Kazi hiyo inaweza kufanyika kwenye labo ya kawaida ya chuo.

Na kuko wazee wanaosema kwa sauti ya chini: "Hiyo ni siri ya mababu. Tukiipeleka labo, imekwenda." Hawa tunawaheshimu kuliko wote, kwa sababu wameona mbali. Ujuzi kwamba mzizi fulani unarudisha hamu ya chakula haukuanza na mwanakemia, ulianza kwenye jiko la bibi. Dunia yenyewe imekubali hilo. Protokole ya Nagoya ya 2010, ambayo nchi yetu imeingia, inasema anayechukua mmea na ujuzi wa wenyeji kwa utafiti aombe ruhusa kwanza, na faida igawanywe kwa mapatano. Sheria yetu namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi mazingira nayo inazungumza juu ya ujuzi wa jadi. Lakini sheria haimlindi mtu ambaye hakuandika kitu. Kwa hiyo mapatano yanatangulia, mfuko unafuata. Na hapa tena koperative iko na nguvu kuliko mzee mmoja peke yake: ikiandikishwa kwa kufuata sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, inaweza kutia sahihi kama mtu mmoja na kudai kama mtu mmoja.

TUNACHOPENDEKEZA KWENYE MIKUTANO MIKUU

Tunaomba kila koperative iweke mambo haya matano kwenye mkutano mkuu unaokuja, na kuyapigia kura.

Moja, hakuna mzizi wa dawa wa porini utakaouzwa kwa jina la koperative kabla tawi lake halijatambuliwa. Mwanachama akitaka kuuza peke yake, asitumie jina la wenzake.

Mbili, pepinyeri. Mbegu za mondia zikusanywe kabla tunda halijapasuka, zipandwe zikiwa bado mpya, kivulini, na miche ipewe mti wa kupandia. Kahawa na ndizi tuko nazo, vivuli tuko navyo. Koperative iandike ni miche mingapi ilitoka na mingapi ilikufa. Kizazi cha kwanza kisiuzwe chote, kibaki mama wa mbegu.

Tatu, daftari la mizizi. Kila mavuno: shamba gani, tarehe gani, mmea wa umri gani, umekaushwa wapi na siku ngapi. Daftari hilo njo litaipa labo maswali ya maana, na njo litakuwa ushahidi wenu siku ya kuzungumza bei.

Nne, sampuli haitoki bila karatasi. Karatasi iseme nani anachukua, kiasi gani, kwa kazi gani, na kwamba matokeo yatarudi kwa koperative. Na kama kutatoka bidhaa, mtakaa tena kuzungumza mgawo. Msitie sahihi karatasi ya lugha ambayo hakuna kati yenu anayeisoma.

Tano, na hili linatuhusu sisi ma-agronome na mashirika. Tukichukua mzizi wenu, matokeo yarudi kijijini, kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya watu, hata kama yanasema mzizi hauna kitu cha maana. Ripoti inayobaki kwenye kabati la biro mjini haijamfikia mwenye mzizi. Mtudai hilo kwa sauti kubwa.

INAWEZEKANA?

Tunajua mfano mmoja wa kweli, na hauko mbali. Kandokando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima kinachoitwa Muliro Farmers Conservation Group kilianza kupanda mashambani aina moja ya mrihani wa mlimani, Ocimum kilimandscharicum. Watafiti wa icipe, Nairobi, walisaidia kujua mafuta yake, ambayo yana kamfa, na jinsi ya kuyatoa kwa mvuke. Kikundi kikapata mtambo wake, na mafuta hayo yakaingia kwenye pomade inayouzwa kwa jina la Naturub. Mwaka wa 2010 kikundi hicho kilipata tuzo ya Equator. Kule wanachuma majani, sisi tuko kwenye mizizi, kwa hiyo kazi yetu ni ngumu zaidi. Lakini mpangilio ni ule ule: jina kwanza, kipimo, shamba, kisha soko. Hawakuanza na soko.

Na hapa kwetu Bukavu kuko kinkina. Mti huo ulitoka milima ya Amerika ya Kusini, na dawa iliyo ndani ya ganda lake, kinini, ilitambuliwa na wanakemia wa Ufaransa mwaka wa 1820. Wazazi wetu wameuona ukilimwa Kivu kwa hekta na hekta. Ulifika mpaka hapa kwa sababu kuko watu waliojua kilicho ndani yake wakachukua mbegu wakapanda. Mti wa kigeni umepata shamba kwetu, na mizizi yetu wenyewe bado tunaiwinda porini kama panya.

Wanunuzi watarudi, hilo halina shaka, kwa sababu pua ya dunia haichoki kutafuta. Siku watakaporudi, tunataka wamkute katibu wa koperative akiwa na tawi lililobanwa, daftari lililoandikwa, na pepinyeri nyuma ya nyumba. Hapo swali halitakuwa tena "tuchimbe?" Litakuwa: "Mnataka kilo ngapi, za ubora gani, na mtalipa namna gani?"

Mjadili, mtuandikie mlichokata kwenye mikutano yenu, hata kama mmetukatalia. Tuko pamoja.